Baa ndogo ya mezkali Oaxaca: uagize nini, unywe vipi

Swali: Mwishoni mwa Oktoba nitakuwa Oaxaca, Meksiko, kwa siku nne baada ya mkutano wa kikazi. Mwenyeji wangu ananiambia nisiondoke bila kuingia kwenye baa ndogo inayouza mezkali tu. Mimi ni mtu wa bia, mara moja moja Konyagi, na tekila nimeinywa kwenye sherehe kwa chumvi na ndimu. Nikiingia hapo niagize nini, ninywe vipi, na nitajuaje kwamba ninachouziwa ni kizuri? Na je, ninaweza kurudi na chupa nyumbani? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Ndugu msomaji, chumvi na ndimu viache hukohuko kwenye sherehe. Ukishakaa kaunta, agiza espadín moja, yaani mezkali ya mmea unaopikwa zaidi huko, kipimo kidogo, na glasi ya maji pembeni, kisha muulize mhudumu imepikwa na nani na katika kijiji gani. Ukifanya hivyo tu umeshaanza vizuri kuliko wageni wengi. Yanayofuata ni sababu zake, na namna ya kuendelea ukishamaliza hiyo ya kwanza.

Mezkali, ambayo kwenye ubao utaikuta imeandikwa mezcal, hupikwa kutokana na mimea ya jamii ya mkonge. Mkonge wa Tanga ni ndugu yake wa damu: asili yake ni Meksiko, na Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuingiza Tanganyika mwaka 1893, akiupata kupitia Florida. Wa Tanga unatakiwa nyuzi za majani. Wa Oaxaca unatakiwa sukari iliyomo kwenye kiini. Mmea huu huchanua mara moja tu maishani halafu hufa, kwa hiyo unapoanza kusukuma shina la maua juu, mkulima hulikata likiwa changa, na sukari iliyokuwa iende kulisha maua ikabaki chini. Baadaye majani yote hufyekwa, kikabaki kiini chenye uzito wa makumi ya kilo, ambacho wenyeji hukiita piña.

Viini huokwa ardhini. Shimo hujengewa mawe, kuni huwashwa hadi mawe yawe mekundu, mawe hutandikwa makapi, viini hupangwa juu yake, hufunikwa kwa mikeka, kisha udongo. Humo hukaa siku tatu hadi tano, na moshi unaousikia kwenye glasi huanzia hapo. Vikishaiva husagwa kwa gurudumu la jiwe linalovutwa na farasi, au hutwangwa kwa nyundo za mbao, halafu huchachuka kwenye mapipa ya mbao yaliyo wazi bila hamira ya dukani. Chachu ya palepale kijijini ndiyo hufanya kazi, na ndiyo maana pishi la Machi halifanani na la Septemba hata mpishi akiwa mmoja. Mwisho hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa uwe kimiminika, mara mbili, kwenye mtambo wa shaba au kwenye vyungu vya udongo. Tekila hutengenezwa kwa aina moja tu ya mmea, ule wa buluu, na kwa kawaida viini vyake hupikwa kwa mvuke. Ndiyo maana uliyoinywa kwenye sherehe haikuwa na moshi.

Jina hili linalindwa kisheria tangu 1994, na kanuni iitwayo NOM-070 ya mwaka 2016 iligawa mezkali katika makundi matatu. Ukiona neno artesanal kwenye lebo, maana yake ni oveni ya shimoni au ya mawe, kusaga kwa nyundo, kwa jiwe au kwa mashine ya kuchana, na kukeneka kwa moto kwenye shaba au udongo. Ancestral ni kali zaidi kwa masharti: chombo cha chuma cha pua hakiruhusiwi hata kidogo, na kukeneka ni kwa vyungu vya udongo tu. Lebo ikisema mezcal peke yake, viwanda vinaruhusiwa kupika kwa mvuke wa shinikizo na kukeneka kwa minara kama ya spiriti za kawaida. Kwa hiyo tafuta mawili ya kwanza. Utakutana pia na chupa zilizoandikwa destilado de agave, na hizo usizidharau. Ni za wapishi ambao hawakulipia cheti au walioamua kutokipata, kwa hiyo hawaruhusiwi kutumia jina la mezkali. Baadhi ya vinywaji bora kwenye rafu za baa ndogo vimo katika kundi hilo.

Sasa baa yenyewe. Baa nzuri ya namna hii unaitambua kwa ubao wake kabla hujaonja chochote. Kila mstari utakuwa na aina ya mmea, jina la mpishi, kijiji, asilimia ya alkoholi, na mara nyingi lita zilizopatikana katika pishi hilo. Chupa zenyewe huwa hazina mbwembwe, nyingine zina lebo za kuandikwa kwa mkono. Mhudumu atakuuliza umewahi kunywa nini kabla hajakupendekezea. Ukikuta mbele kabisa wamepanga chupa zenye mnyoo ndani, krimu za mezkali za ladha ya kahawa na embe, na kijana mlangoni anayekuvuta mkono, endelea na safari. Mjini Oaxaca, Mezcaloteca hupokea wageni kwa miadi, na anayekuhudumia hukaa nawe akieleza kila glasi. Kwa mtu wa mara ya kwanza ni mahali pazuri sana. In Situ, iliyoanzishwa na Ulises Torrentera na Sandra Ortiz Brena, inajulikana kwa wingi wa aina za mimea kwenye rafu zake. Hakikisha saa zao kabla ya kwenda.

Tarehe zako zina jambo moja la kuangalia. Mwisho wa Oktoba hadi Novemba 2 ni siku za kuwakumbuka marehemu, na Oaxaca hujaa wageni kupita kiasi. Mezkali yenyewe huwekwa kwenye meza za kumbukumbu majumbani, pamoja na maua ya njano, mikate na picha za waliotangulia. Miadi iweke mapema, hata kabla hujapanda ndege. Kwa baa zisizo na miadi nenda saa kumi na moja jioni, kabla watu hawajatoka kula. Baa yenye viti kumi ikishajaa, mhudumu hana tena nafasi ya kukueleza kitu, nawe utakuwa umelipia kinywaji ukakosa maelezo.

Kula kwanza, tena kula vizuri. Baa nyingi za aina hii zina vitafunio tu. Ukiingia na tumbo tupu, glasi ya pili itakufunga ulimi usionje ya tatu.

Vipimo ndipo wengi wanapoteleza. Glasi ya kawaida huwa na mililita 45 hadi 60, na mezkali ya kijijini mara nyingi ina asilimia 45 hadi 52. Konyagi ina 35. Piga hesabu: mililita 45 za asilimia 48 zina mililita 21.6 za alkoholi halisi, karibu sawa na chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.5. Ila bia unaimaliza kwa nusu saa, na toti mtu anaweza kuimaliza kwa dakika tano. Glasi nne kamili kwa saa moja ni bia nne kwa saa moja, na kwa mtu aliyekwisha choka na safari usiku unaishia hapo. Mpango unaofaa ni kuonja aina tatu za mililita 15 kila moja, kisha kuagiza kipimo kimoja kamili cha ile uliyoipenda. Jumla ni mililita 90, pungufu kidogo ya bia mbili kubwa, ndani ya saa moja na nusu. Neno la kutumia ni media onza, yaani nusu aunsi. Si kila baa huuza kipimo hicho, lakini zinazojali kazi huuza, na nyingi zina seti ya kuonja iliyopangwa tayari.

Kwa nini espadín ianze? Kwanza ndiyo inayopikwa zaidi Oaxaca, na ndiyo inayolimwa shambani. Hukomaa kwa miaka 6 hadi 10 na ina sukari ya kutosha, hivyo mpishi ana uzoefu nayo kuliko mmea mwingine wowote. Kasoro za upishi hazijifichi ndani yake. Ladha yake ni ya kiini kilichookwa, utamu unaokaribia wa kiazi kitamu cha majivuni, matunda kidogo, moshi kidogo. Ukishaijua hiyo una kipimo cha kulinganishia. Ya pili iwe ya jamii ya karwinskii, ambayo ubaoni itaitwa cuishe, madrecuishe, barril au tobaziche: kavu, majani mabichi, harufu ya udongo wenye mvua. Ya tatu chagua kati ya tobalá, ambayo ina maua na matunda, na tepeztate, ambayo ni kali ya kijani, karibu na harufu ya pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi. Tepeztate ukiitanguliza, zinazofuata zitaonekana zimepooza.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa mtu makini, na wahudumu wazuri hufurahi kuulizwa: omba espadín mbili za wapishi wawili, moja ya shaba na moja ya udongo. Mmea ni uleule, tofauti yote imetoka kwenye mikono, maji, chachu na chombo. Ya shaba mara nyingi huwa imenyooka na yenye harufu inayoruka. Ya udongo, kwa mfano kutoka Santa Catarina Minas, huwa nzito mdomoni na yenye ladha ya chungu kipya. Dakika ishirini za glasi hizo mbili zinakufundisha mengi kuliko aina tano za porini zilizokimbizwa.

Namna ya kunywa. Italetwa kwenye glasi fupi yenye mdomo mpana, ya aina iliyotumika kuwekea mishumaa ya kanisani, au kwenye kibuyu kidogo kilichokatwa, kiitwacho jícara. Mdomo mpana una kazi: mvuke wa alkoholi hutawanyika, harufu nyingine zikabaki. Usitumbukize pua kama mtu wa divai, kwa sababu kwa asilimia 48 pua itakufa ganzi na haitarudi haraka. Shika glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, na uvute pumzi taratibu. Halafu piga funda dogo mno, la kulowesha ulimi tu. Lizungushe mdomoni, hesabu hadi kumi, meza, kisha toa pumzi nje kupitia puani. Funda hilo la kwanza litachoma, hata kama mezkali ni bora kuliko zote duniani. Halihesabiki. Mdomo unazoea tu. Hukumu yako ianze funda la pili, na la tatu ndilo litakalokupa ladha yenyewe. Watu husema mezkali hupigwa busu, na ndivyo ilivyo: mililita 15 zikuchukue dakika kumi hadi kumi na tano. Kati ya glasi na glasi kunywa maji, angalau mara mbili ya kiasi cha pombe uliyokunywa. Barafu usiiombe, kwa kuwa baridi huua harufu ambazo mpishi amezitafuta kwa wiki nzima.

Pembeni utaletewa vipande vya chungwa na unga mwekundu. Huo unga ni chumvi iliyosagwa na pilipili kavu na viwavi wa mkonge waliokaangwa. Chovya chungwa kidogo, ule baada ya kumeza, si kabla, na si kwa kila funda. Kazi yake ni kuamsha mate ulimi ukichoka. Ukitumia chungwa kufuta kila funda, umenunua juisi ya gharama. Unaweza pia kupewa panzi waliokaangwa kwa kitunguu saumu na ndimu, na aliyewahi kula senene wa Bukoba hatashangaa. Mwenye mzio wa kamba na kaa asiguse panzi wala ule unga, maana protini inayoleta mzio inafanana.

Sasa utajuaje ni nzuri? Dondosha tone moja kwenye kiganja, sugua viganja kwa nguvu mpaka alkoholi iruke, kisha nusa. Kinachobaki kinapaswa kuwa harufu ya kiini kilichookwa: tamu, ya mizizi, yenye moshi wa mbali. Ikibaki harufu tupu, au ya manukato ya dukani, kuna kilichoongezwa au kiini hakikutosha.

Kasoro zenyewe zina sababu zinazojulikana. Harufu ya rangi ya kucha au gundi inakuja pale mpishi alipochanganya sehemu ya mwanzo ya mkenuko zaidi ya inavyotakiwa. Sehemu hiyo, puntas, ina alkoholi nyingi na harufu kali. Kiasi fulani kinahitajika ili mezkali iwe na uhai, na ustadi wote uko kwenye kujua akate wapi. Harufu ya kadibodi iliyolowa, jasho au mafuta yaliyochacha inatoka kwenye mkia, ile sehemu ya mwisho, iliyoachwa ikatiririka mno kwa tamaa ya kuongeza lita. Uchachu wa siki unaonyesha pipa lilichelewa kukenekwa, na bakteria wakageuza alkoholi kuwa asidi. Harufu ya plastiki au petroli mara nyingi ni ya madumu yaliyosafirishia. Uchungu wa masizi ni viini vilivyoungua kwa kugusa mawe moja kwa moja. Kitu cha mwisho kinachodanganya wageni ni moshi. Wengi hudhani moshi mwingi ndiyo mezkali halisi. Moshi unapaswa kuwa nyuma, kama kwenye chai iliyopikwa kwa kuni. Ukiwa mbele ya kila kitu unaficha upishi, na viwanda vinajua hivyo.

Mhudumu anaweza kukuonyesha mapovu: atanyonya mezkali kwa utete wa mwanzi, aimwage kutoka juu kwenye kibuyu, na mapovu madogo yatajipanga pembeni kama shanga. Wapishi hupima hivyo tangu zamani. Mapovu hudumu pale alkoholi ikiwa takriban kati ya asilimia 45 na 55, chini au juu ya hapo hupasuka haraka. Fundi hutambua kiwango kwa ukubwa wa mapovu na muda yanaokaa, na hesabu yake hukosea kidogo sana. Ila mapovu yanaeleza nguvu tu, hayaelezi ubora, na wako wanaoongeza sabuni ili yadumu. Yaangalie kwa furaha, na uamuzi uache kwa pua na ulimi.

Maswali yako kwa mhudumu yawe machache. ¿Quién lo hizo? ni nani aliyeipika. ¿De qué pueblo? ni ya kijiji gani. ¿En cobre o en barro? ni shaba au udongo. Na ¿silvestre o cultivado? ni ya porini au ya kulimwa. Hili la mwisho nalisisitiza. Espadín huzaa machipukizi pembeni ya mama, kwa hiyo mkulima hupanda upya bila shida. Tobalá na tepeztate huzaliwa kwa mbegu peke yake, na mbegu zinahitaji ule mlingoti wa maua ambao mvunaji huukata. Tobalá huchukua miaka 10 hadi 15, tepeztate 20 hadi 25 na zaidi. Kila mmea wa porini unaovunwa ni mmea usioacha mtoto, isipokuwa kama mpishi anabakiza baadhi zichanue na kupanda miche kitaluni. Wako wanaofanya hivyo, na baa nzuri inawajua kwa majina. Kama mhudumu hana jibu lolote kuhusu mmea uliochukua robo karne kukua, agiza espadín nyingine. Bei nayo inaelewekea hapo: lita moja ya espadín hutaka takriban kilo 8 hadi 12 za kiini, wakati tobalá, yenye kiini kidogo, hutaka zaidi. Glasi ya tepeztate kuuzwa mara mbili au tatu ya espadín ni kawaida. Glasi ya tepeztate kwa bei ya espadín ndiyo ya kutilia shaka. Ila usilipie uhaba ukidhani umelipia utamu. Espadín ya mpishi hodari huishinda tobalá ya mpishi mzembe kila siku.

Utaona pia pechuga. Hiyo hukenekwa mara ya tatu ikiwa na matunda, viungo, na kidari cha kuku au bata mzinga kinachoning'inizwa ndani ya mtambo, mvuke ukipita juu yake. Ni ya harusi, ubatizo na sikukuu. Ladha haina supu ya kuku, ina unene na utamu wa matunda. Ionje mwisho. Iliyozeeshwa kwenye pipa, reposado au añejo, iache kwa safari hii, kwa sababu mbao hufunika mmea na wewe umekuja kuujua mmea. Mnyoo kwenye chupa ni mambo ya soko.

Adabu ni rahisi. Ukiingia sema buenas tardes au buenas noches kwa waliopo wote, si kwa mhudumu pekee. Kabla ya funda la kwanza inua glasi, mtazame mwenzako machoni, sema salud. Unaweza kumwona mzee akimwaga matone machache chini kwanza, akiipa ardhi sehemu yake. Anayejua tambiko atalielewa bila kuelezwa. Kwenye sakafu ya baa usianze wewe. Picha za rafu na watu omba ruhusa. Beba peso taslimu, kwa kuwa baa ndogo si zote zinapokea kadi, na acha bakshishi ya asilimia 10 hadi 15. Mhudumu aliyekueleza kwa saa nzima anastahili hiyo 15.

Kuhusu usalama, najua anayetoka kwetu akisikia pombe ya kijijini anakumbuka habari za gongo lililoua. Kanuni ya Meksiko inaweka kikomo cha methanoli cha miligramu 300 kwa mililita 100 za alkoholi halisi, na baa yenye jina inayojua mpishi wake haitakutia hatarini. Hatari iko kwenye chupa ya plastiki isiyo na maelezo inayouzwa barabarani kwa bei ya kutupa. Hiyo usinunue hata muuzaji awe mcheshi kiasi gani. Kurudi hotelini usiku chukua teksi iliyoitwa na baa.

Chupa ya kurudi nayo nunua kwenye baa yenyewe au duka lake, baada ya kuonja. Kwenye ndege, pombe ya zaidi ya asilimia 24 hadi 70 inaruhusiwa kwenye begi la kupakiwa, isiyozidi lita 5 kwa mtu, ikiwa kwenye chupa ya dukani iliyofungwa. Zaidi ya 70 hairuhusiwi kabisa, kwa hiyo puntas zenye nguvu ziache hukohuko. Dumu au chupa ya maji iliyojazwa kijijini inaweza kukamatwa. Ukipitia Marekani utachukua mizigo yako na kuikabidhi upya, hivyo chupa ya duka la uwanjani nayo iingize kwenye begi kubwa wakati huo. Forodha ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mwenye miaka 18 na zaidi lita moja ya pombe kali bila ushuru. Chupa moja ya mililita 750 inatosha na inabaki ndani ya kiwango. Chupa nyingi za wapishi wadogo hufungwa kwa kizibo cha gome, na kizibo hicho huvuja. Kizungushie nailoni ya jikoni mara kadhaa, tia chupa kwenye mfuko wa plastiki, kisha katikati ya nguo, mbali na kingo za begi.

Nyumbani isimamishe wima, maana alkoholi kali ikigusa kizibo muda mrefu hukila na ladha yake huingia ndani. Iweke gizani, na ikibaki theluthi moja ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo, kwani hewa nyingi ndani ya chupa ndiyo inayoipoteza harufu.